Kusomesha batoto badogo ku nyumba wakati wa Noeli bila kugeuza salon kuwa klasi

Bamama na bapapa benye muko na batoto badogo ku nyumba mwezi huu wa kumi na mbili, iwe ni juu ya vakansi, iwe ni juu munabasomesha ninyi benyewe mwaka muzima, nitabaambia vile sisi tunafanyaka huku Bukavu, na naanza na vile niliharibu kwanza.

Mimi siko mwalimu. Nilianza 2020, wakati korona ilifanya masomo ifungwe mu Kongo nzima mu mwezi wa tatu, mukubwa wangu alikuwa mu materneli nikasema acha nimufundishe herufi asisahau. Tangu pale kaye haijaondokaka kabisa ku meza yetu, na sasa iko batatu: mukubwa, wa katikati, na kitinda mwenye miaka tano. Wakati masomo ya hapa mujini ilifunga tena 2025 mwezi wa pili, bajirani bakaanza kuniuliza wewe unafanyaka aje, njo maana naandika.

Sasa ile kuharibu. Noeli moja nilijiona mujanja, nikasema kwangu hakuna vakansi, batoto ya wengine banapumuzika, bangu batapita mbele. Nikaandika ratiba nikaibandika ku ukuta: saa mbili kalkile, saa tatu lektire, saa ine Kifaransa, paka saa sita. Siku ya kwanza bakakaa. Siku ya pili jirani akaanza kupaka chokaa ku ukuta yake, muziki juu, batoto yake banapita na brosi mu mikono, bangu banachungulia ku dirisha. Siku ya tatu kitinda akalala na kichwa juu ya kaye, wa katikati akatafuna kreyo paka ikavunjika, na mukubwa akaniuliza na sauti ya upole kabisa: "Mama, Yesu naye alisomaka siku ya kuzaliwa yake?" Nikakasirika, nikasema kitu yenye sipendi kukumbuka, eti mwenye hatamaliza dikte hatavaa nguo ya Noeli. Musifanye ile. Mutoto aliandika dikte analia, kaye ningali nayo, karatasi imekunjamana penye machozi iliangukia.

Kutokea pale tunafanya hivi: kaye kidogo asubui, na masomo ingine yote tunaitafuta ndani ya kazi ya sikukuu yenyewe.

Kaye inakuwa kisha chai, mbele ya mvua kuanza. Kitinda dakika 10, wa katikati 15, mukubwa 25 ao 30 kama iko na moyo. Hawakae bote pamoja ku meza, mumoja anaingia, babili banabaki inje, ile peke inapunguza bugomvi nusu. Na hakuna kitu ya mupya. Fungua kaye ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, utafute penye nyekundu iko mingi, uchague makosa mbili tu za kufanyia kazi paka Bonane. Kwa wa katikati ilikuwa b na d zenye alikuwa anageuza, na kutoa kwa kukopa, ile ya 32 toa 17. Basi, mbili tu. Dakika zikiisha funga kaye, ata kama sentensi iko katikati, mutoto akijua kama mwisho inafikaka kweli, kesho atakuja bila kuburutwa.

Kisha kalendari. Tarehe 1 tunachukua kartoni, mara mingi ni ya sabuni, tunapiga laini, tunaandika 1 paka 25, kila asubui mutoto mumoja anapaka rangi ku siku moja. Kitinda anasoma namba. Wa katikati anahesabu siku ngapi zinabaki, leo 25 toa 9, kesho 25 toa 10, anafanya kutoa kila siku na hajui kama ni kalkile. Mukubwa anatafuta siku ya juma: kutoka leo kisha siku kumi itakuwa siku gani?

Hapo jiandae juu maulizo itakuja. Kwetu tunasema siku ya kwanza, siku ya pili, paka siku ya tano, kisha siku ya posho na siku ya Mungu, lakini mu kitabu ya Kiswahili mutoto anakuta Jumatatu, na anashangaa juu ya nini siku ya kwanza inaitwa tatu. Mueleze kama mu kitabu banahesabu kisha Ijumaa, siku ya kusali ya Baislamu: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, Jumatatu ni ya tatu. Na posho ilikuwa ni chakula yenye bafanyakazi balikuwa banagawiwa siku ile wakati wa Babeleji. Ile asubui tulipitisha nusu saa na hakuna mwenye aliomba kwenda kucheza. Mwisho bakaandika mustari moja: siku ya kwanza, Jumatatu, lundi. Majina tatu, siku moja.

Soko sasa. Musiende na mutoto mudogo ku soko ya Kadutu tarehe 23, batu banasukumana, mvua ikishanyesha ule mutelemuko wote ni matope, mutoto atajifunza tu kulia. Sisi tunaenda mapema, tarehe 12 ao 15, asubui, ao tunaishia ku kasoko kadogo ya ku barabara. Mbele ya kutoka mimi nasema mukubwa anaandika: muchele, mafuta, unga ya ngano, levire (hamira), chumvi, sambaza (ile samaki kadogo ya ziwa Kivu). Ile njo dikte, na haina machozi. Makosa tunarekebisha hapo hapo, juu tukisoma vibaya tutanunua vibaya.

Wa katikati anabeba feza kidogo. Feza yetu yenyewe ni kitabu ya kalkile, noti ya 500, ya 1000, ya 5000, ya 10000, ya 20000, sifuri zote mutoto anazijua mbele ya kuzifundishwa. Ku nyumba tunakata bikaratasi, tunaandika namba juu, tunacheza soko. Noti ngapi za 500 zinafanya 5000? Mama muuzaji anakuomba 3500, unamupa 5000, anakurudishia ngapi? Mara ya kwanza wa katikati njo alikuwa muuzaji, akanirudishia 2500, nikachukua nikanyamaza. Jioni akahesabu feza yake ya karatasi akaona inapunguka, akanifuata mu jikoni kama polisi. Ningemurekebisha pale pale asingekumbuka.

Na muonyeshe kipimo. Maharage na muchele banapimaka na kopo ya Guigoz, ile ya maziwa ya unga, na kila muuzaji iko na mukono yake, mumoja anajaza paka inakuwa kama mulima juu, mwingine anapanguza na kiganja. Nunua kopo moja kwa huyu na moja kwa yule, ku nyumba muhesabu na kikombe kadogo, ya mulima inatoka bikombe ngapi, ya kupanguza ngapi. Mukubwa aliandika jibu mu kaye na tangu siku ile ananikatazaka kununua kwa mama moja, simutaji.

Sambaza nayo iko na somo yake. Kuko siku inakosekana ku soko ao bei inapanda, na mutoto anaweza kujua mbele kwa kuangalia mbingu. Bavuvi banaendaka usiku na taa, mitumbwi tatu zimefungwa pamoja, banaimba, na taa njo inaita samaki. Mwezi ukiwa muzima, mwanga iko fasi yote, samaki haikusanyike tena chini ya taa, bavuvi banarudi na kidogo. Basi kila usiku kitinda anachora ku kalendari vile mwezi unaonekana, kipande, nusu, duara, mawingu ikifunika anachora mawingu. Mukubwa mwambie kama sambaza haikuwa mu ziwa Kivu tangu zamani, ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Ata papa yao hakujua ile, alizania ni samaki ya babu zetu.

Jikoni nitakawia kidogo, juu njo fasi bangu banapenda kupita zote. Bitumbura ya Noeli: unga ya ngano nusu kilo, sukari bijiko bitano, chumvi kidogo, levire kijiko kadogo kamoja, maji ya vuguvugu paka ikuwe laini ya kuchota na mukono. Mutoto mumoja anapima, mwingine anahesabu na sauti. Lakini mbele ya kuchanganya yote, tosha unga kidogo mu bikombe bibili. Mu kimoja tia levire, sukari na maji ya vuguvugu, mu kingine sukari na maji bila levire. Funika na kitambaa, weka karibu na mbabula, si juu yake. Sasa uliza kila mutoto aseme nini itatokea, na mukubwa aandike majibu ya bote, ata ya kitinda mwenye alisema "itakuwa keki".

Kisha saa moja mufungue. Ya levire imepanda, iko na matundu, inanuka kama pombe kidogo. Ingine imelala vile muliiacha. Sasa njo unaeleza, usieleze mbele: levire iko na uzima, ni ya jamaa ya buyoga, kadogo sana jicho haikaone, inakula sukari na inatosha gazi, na gazi njo inainua unga. Maji ya moto sana inaiua. Mukubwa hakunisadiki, akafanya kikombe ya tatu na maji ya kuchemuka, na haikupanda, nilifurahi sana kuliko angenisadiki. Gazi ile ile njo inaruka mu chupa ya sikre (soda) ukifungua, na mingi sana iko imefungwa chini kabisa ya ziwa Kivu pamoja na gazi ya metani. Kitinda akauliza kama ziwa nayo iko na levire. Nikamwambia hapana, ya ziwa mingi inatoka chini ya udongo kwenye bolkano, lakini ulizo ni ya muzuri, na tukaiandika mu kaye.

Kukaanga ni kazi ya mutu mukubwa, mafuta ya moto haina masomo ya mutoto. Bakae mbali, bahesabu tu zenye zinatoka, kumi kumi mu sahani. Sisi tulipata 43. Sahani ine, na inabaki tatu, na batoto ni batatu, hapo hakuna mwenye nilimufundisha kugawa. Zile 40 tukapelekea majirani nane, kila nyumba ngapi? Wa katikati akapanga mafungu chini ya meza na mikono, moja moja, paka akapata tano. Achia atumie mikono. Kichwa itakuja kisha.

Lektire mwezi huu ni barua na Biblia. Barua ni ya koko yao mwenye iko Kabare: mukubwa sentensi tano, wa katikati tatu, kitinda anachora na kuandika jina yake. Tunapiga foto na telefoni tunamutumia, na yeye anajibu na sauti, mu lugha ya Mashi, anacheka kwanza dakika nzima. Kazi ya batoto ni kutafsiri ile sauti mu Kiswahili, na mukubwa anajaribu mu Kifaransa. Wenye koko zao wangali, muwatumikishe kabisa, lugha yenye hawako nayo mu kitabu ya masomo iko kwao.

Mu Biblia mukubwa anasoma Luka sura ya 2, pole pole na sauti, wa katikati anasoma tu majina, Betelehemu, Nazareti, Yosefu. Kisha Mathayo sura ya 2, na ulizo moja: mamajusi balikuwa ngapi? Bote batajibu batatu, juu mu kreshi ya parokia ni batatu. Waambie batafute namba. Batasoma mara mbili, mara tatu, hawataiona, juu haimo, kuko tu zawadi tatu, zahabu, uvumba na manemane. Mukubwa wangu alienda kumwambia katekista, sijui vile ile mazungumzo iliisha.

Kama munasali tofauti, ao hamusali, chukueni hadisi ingine, kazi ni ile ile. Jirani yetu mumoja ni wa kanisa ya Kimbangu, na beye banafanyaka Noeli tarehe 25 mwezi wa tano. Tulifungua kalendari tukahesabu miezi kati ya Noeli hizo mbili, na wa katikati akapiga hesabu ya haraka: ataenda kula kule pia.

Kuko na teluji. Kadi zote na televizyo zinaonyesha teluji, na mutoto atauliza juu ya nini huku haianguke. Musijibu tu "ni ya Bulaya". Chora duara, piga laini katikati, ile ni ikweta, na Bukavu iko karibu yake kidogo upande wa chini, jua inatupiga karibu sawa mwaka muzima, njo maana ata saa ya kuingia giza haibadilike sana. Lakini ukipanda juu baridi inaongezeka. Ziwa yetu iko mita 1460 hivi juu ya bahari, njo juu ya hiyo asubui tunavaa pulovere. Ruwenzori, pale mupaka ya Kongo na Uganda, kilele iko mita 5109, na teluji iko pale, karibu kabisa na ikweta. Kwa hiyo teluji ya Noeli iko mu inchi yetu, iko tu juu sana. Nilipenda vile mukubwa alinyamaza.

Kreshi tunatengeneza na udongo, kartoni, majani makavu ya mugomba. Hapo kuko kupima na kamba, kuko nyuma na mbele, kushoto na kuume, kwa kitinda ile inatosha. Mwaka moja tuliongeza ramani ya muji: kila mutoto anaweka mukono juu ya udongo, juu Bukavu iko na bipande bitano bya inchi binaingia mu ziwa kama bidole, kisha tunatia maji ya buluu, na tunapasua kanjia kadogo, ile ni Ruzizi, maji inatoka Kivu inaenda Tanganyika, na ku njia inatupatia kura, ni kusema umeme. Betelehemu yetu ilikuwa na ziwa, basi.

Na kura ikikatika usiku, vile inakatikaka mwezi huu kila mutu akiwasha yake, musitafute kaye ku mwanga ya telefoni, macho ya batoto inachoka na ya kwako pia. Usiku ni ya mudomo. Bitendawili kwanza, kisha hadisi, na kesho yake asubui mutoto anairudilia: mwanzo balikuwa nani, katikati nini ilitokea, mwisho iliishaje. Kama muko na buji, iweke juu fasi mutoto mudogo haifikie, weka mukono kati ya buji na ukuta, sogeza karibu na buji, kivuli inakuwa kubwa, sogeza mbali na buji, inapunguka. Juu ya nini? Achia bagombane nayo.

Batoto ya ndugu bakija kulala kwako, pale usifungue kaye kabisa, juu utaona mutoto wa mugeni anajua kusoma kupita wako ao hajui, na bazazi bataanza kupimanisha. Michezo ya soko na bitendawili inatosha bote. Telefoni sisi tunaiweka juu ya kabati paka mangaribi, sina ujanja ingine kwa ile.

Siku zenye hakuna kitu kabisa, ata dakika moja: 24, 25, 26, kisha 31, 1 na 2. Ukijikuta unauliza mutoto 7 mara 8 wakati anavaa biatu ya Noeli, jifinye.

Tarehe 3 ao 4 tunarudi, na haturudi na ukali. Siku ya kwanza dakika 10 tu kwa bote: kila mutoto anaandika ao anachora kitu moja alikula na mutu mumoja alimuona. Juu kabisa ya ukurasa banaandika tarehe, na bote bataweka mwaka ya zamani, ata mimi ku liste ya soko nilifanyaka vile paka katikati ya mwezi wa kwanza. Futa, andika tena.